Wanamichezo Wetu Huhukumiwa kwa Lugha Gani?

Sheria ya michezo ya kimataifa si jambo la watu wa mbali tena. Humfikia kijana aliyeanzia kandanda katika uwanja wa Serani, karibu na Fort Jesus, akapanda hadi kuichezea Bandari kule Mbaraki, kama inavyomfikia yule anayelipwa mamilioni huko Ulaya. Humfikia siku anapotia saini mkataba wake wa kwanza, na humfikia tena siku anapotakiwa kutoa mkojo upimwe baada ya mechi. Swali ninalotaka kuwauliza walimu wenzangu na wanafunzi ni hili: sheria hiyo humfikia kwa lugha gani?

Mimi si wakili. Kazi yangu ni isimu, na huenda nikaambiwa nirudi kwenye sarufi yangu. Hata hivyo, sheria ni maneno kabla ya kuwa faini au marufuku, na asiyeyaelewa maneno hayo hana njia ya kujikinga. Kanuni ambayo shirika la WADA liliipitisha mwaka wa 2003 ili kupambana na dawa zilizoharamishwa michezoni huchapishwa rasmi kwa Kiingereza na Kifaransa, na matini hizo mbili zikitofautiana, ya Kiingereza ndiyo inayofuatwa. Mahakama ya michezo iliyoko Lausanne, Uswisi, iliyoanzishwa mwaka wa 1984, husikiliza kesi kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Hapa nyumbani, Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini Sheria ya Michezo ya 2013, iliyounda Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, na ile ya 2016 iliyounda shirika letu la ADAK, zote ziliandikwa kwa Kiingereza.

Pengo hilo limejazwa na magazeti, redio na mazungumzo ya barazani. Si vibaya, kwani lugha hukua hivyo. La kusikitisha ni kwamba baadhi ya maneno tuliyoyazoea yanampotosha mwanamichezo. Nitatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni "dawa za kusisimua misuli". Tumelitumia fungu hili la maneno miaka mingi bila kulichunguza. Katika Kiswahili, dawa ni kitu chema kinachoponya. Kijana anayechomwa sindano ya kutuliza uvimbe wa goti katika zahanati hajioni kuwa amesisimua msuli wowote, naye anasema kweli. Lakini triamsinoloni, dawa ya kutuliza uvimbe ambayo imewaponza wanariadha kadhaa wa Kenya, imo katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku, na tangu mwaka wa 2022 sindano zote za jamii hiyo zimeharamishwa wakati wa mashindano. EPO huongeza chembe nyekundu za damu, haisisimui msuli. Furosemidi, ambayo hospitali humpa mgonjwa wa shinikizo la damu, ni ya kukojosha, nayo imepigwa marufuku nyakati zote kwa kuwa inaweza kuficha vitu vingine. Mgonjwa wa kweli anaweza kuomba kibali cha tiba, lakini ataombaje kibali cha kitu ambacho jina lake halikumwonya?

Tena yapo makosa ambayo hayana dawa ndani yake kabisa. Elijah Manangoi, bingwa wa dunia wa mita 1500 mwaka wa 2017, alipigwa marufuku ya miaka miwili mnamo 2020 kwa sababu wapimaji hawakumpata mara tatu mahali alipotakiwa kuwa katika kipindi cha miezi kumi na miwili. Tukisema alifungiwa kwa "dawa", tunamsingizia, na pia tunamficha mwanafunzi sheria yenyewe. Kwa hiyo naliunga mkono neno "pufya" ambalo magazeti yetu ya Kenya yamelizoea. Halina uponyaji ndani yake, wala halitaji msuli. Linaweza kubeba maana yote ambayo sheria inakusudia, yaani kupatikana na kitu kilichokatazwa, kukwepa kupimwa, kuvuruga sampuli, au kutojulisha wapimaji mahali ulipo.

Jambo hili lina uzito wa pekee kisiwani Mombasa. Miraa na muguka, vinavyotafunwa barazani Mji wa Kale na kwingineko jijini, vina kathini na kathinoni. Kemikali hizo mbili zimo katika orodha ya WADA kwa wakati wa mashindano, kathini ikihesabiwa kuwa kosa inapozidi mikrogramu 5 katika mililita moja ya mkojo. Na wakati wa mashindano hauanzi kwa kipenga cha refa. Kwa kawaida huanza saa sita kasoro dakika moja usiku wa kuamkia siku ya mechi. Mchezaji aliyekaa na wenzake jioni akitafuna anaweza kuamka na kosa mwilini mwake, na kanuni inasema anawajibika kwa chochote kitakachokutwa humo, awe alikusudia au hakukusudia. Nani amemwambia hayo kwa lugha anayoiota?

Sheria hiyo hiyo ina upande wa huruma ambao nao haujulikani. Toleo la 2021 la kanuni ya WADA linazitenga heroini, kokeni na bangi kama vitu vinavyotumiwa vibaya katika jamii. Mchezaji akithibitisha kwamba alivitumia nje ya mashindano na si kwa ajili ya mchezo, marufuku ni ya miezi mitatu, nayo inaweza kupunguzwa hadi mwezi mmoja akimaliza mpango wa tiba uliokubaliwa. Mombasa tunayajua madhara ya unga. Nyumba nyingi zimelia. Kijana aliyenaswa na unga na anayedhani kwamba kupatikana kwake ndio mwisho wa maisha yake ya mpira atajificha, na akijificha atapotea. Angejua kwamba mlango wa tiba uko wazi, huenda angejitokeza.

Mfano wa pili ni "kuvunja mkataba". Maneno haya hutumiwa kwa mambo mawili yanayopingana. Anayesitisha mkataba kwa haki, akifuata masharti yake, huambiwa ameuvunja. Anayeukiuka kwa kuondoka tu, naye huambiwa ameuvunja. Mwishoni mwa mwaka wa 2022, Feisal Salum wa Zanzibar, maarufu kama Fei Toto, alitangaza kwamba ameachana na Yanga ya Dar es Salaam baada ya kuweka fedha katika akaunti ya klabu, akishikilia kwamba mkataba wake unamruhusu. Mnamo Januari 2023, kamati ya Shirikisho la Soka Tanzania iliamua kwamba angali mchezaji wa Yanga. Shauri hilo liliendelea kuvutana hadi Juni mwaka huo, Rais Samia Suluhu Hassan alipoisihi klabu ilimalize, naye Feisal akahamia Azam. Katika miezi yote hiyo mashabiki walibishana kama "amevunja mkataba" au la, ilhali swali la kisheria lilikuwa kama ameusitisha au ameukiuka. Mabishano yale yalikuwa na joto jingi, na sehemu ya joto hilo ilitokana na neno moja kubeba mizigo miwili.

Tofauti hii ni riziki ya mtu. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema kwamba klabu isipomlipa mchezaji mishahara ya miezi miwili bila haki, anaweza kusitisha mkataba kwa sababu ya haki, mradi ameipa klabu notisi ya maandishi ya angalau siku 15. Anayeijua kanuni hiyo huandika barua na kuhifadhi nakala. Asiyeijua hufunga mkoba, akarudi kwao, na kesho yake anageuka kutoka mdai akawa mdaiwa.

Mfano wa tatu ni "usuluhishi". Mahakama ya Lausanne tumeizoea kama Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Lakini mzee wa Mji wa Kale akisikia usuluhishi huona wazee wamekaa, wamewasikiliza wagomvi wawili, kila mmoja amepunguza dai lake kidogo, kisha wakapeana mikono. Lausanne haiko hivyo. Waamuzi wake hutoa hukumu inayofunga pande zote, na njia ya kuipinga katika mahakama kuu ya Uswisi ni nyembamba mno. Rita Jeptoo alipewa marufuku ya miaka miwili nyumbani Kenya mwaka wa 2015. Shauri lilipofika Lausanne, mwaka wa 2016 marufuku hiyo ilifanywa kuwa miaka minne. Shirikisho letu la soka lilimfuta kocha Adel Amrouche mwaka wa 2014, likashindwa mbele ya FIFA na tena Lausanne, na kufikia mwaka wa 2020 lilikuwa likidaiwa takriban shilingi milioni 109, huku Kenya ikikabiliwa na tishio la kutolewa katika mechi za kufuzu kwa Kombe la Dunia la 2022. Huo haukuwa usuluhishi wa barazani. Napendekeza tuseme tu Mahakama ya Michezo, na uamuzi wake tuuite kwa jina lake: hukumu. Aidha, kila mwanafunzi ajue kwamba muda wa kawaida wa kukata rufaa huko ni siku 21, kwa maana anayengoja suluhu huziacha siku hizo zipite.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kubeba elimu hii. Hao wasikilize tu matangazo ya mpira. Sheria 17 za kandanda zilikuja kwetu kwa Kiingereza, na watangazaji wa redio, akiwemo marehemu Leonard Mambo Mbotela, wakazifanya zieleweke hadi vijijini. "Kuotea" ni kitenzi cha mwindaji anayemvizia mnyama. Leo mtoto wa darasa la pili anajua kosa la kuotea, na hahitaji kamusi. Kuhusu sheria yenyewe, Mombasa haina la kujifunza kwa wageni. Mahakama za kadhi zimesikiliza mashauri ya ndoa na mirathi hapa pwani kwa vizazi vingi, na maneno kama hukumu, rufaa, shahidi, dai, wakala na dhamana, yenye asili ya Kiarabu, yamekuwa mali ya Mswahili. Majirani zetu wa Tanzania walibadilisha sheria mwaka wa 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Uwezo upo.

Wengine watasema, kwa haki, kwamba hata tukitafsiri kila kitu, Lausanne haitasikiliza kesi kwa Kiswahili. Naam, na mwanafunzi anayetaka kuwa wakili wa michezo hana budi kukijua Kiingereza barabara, na Kifaransa kikimwezekana. Lakini wanamichezo wengi hawatafika Lausanne kamwe. Kesi zao hushindwa mapema, mezani pa klabu, wakati karatasi inaposainiwa bila kusomwa, au katika duka la dawa, wakati tembe inapomezwa bila kuulizwa. Hapo ndipo lugha ya mtu inapomfaa. Isitoshe, Kihispania hakikuwa lugha ya kazi katika mahakama ile hadi mwaka wa 2020. Orodha hiyo haikuteremshwa kutoka mbinguni.

Tufanye nini basi? Mtaala wa umilisi umeweka mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari pevu. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa michezo wakae pamoja angalau mara moja kila muhula. Wanafunzi wapewe mkataba wa mfano waueleze kwa Kiswahili sanifu, kifungu kwa kifungu. Waigize kesi: mmoja awe mchezaji aliyepatikana na kathini, mwingine wakili wake, wengine watatu wawe waamuzi. Insha na mijadala tunayo tayari; mada ndiyo tunayoipungukiwa. Vitivo vya sheria na idara za Kiswahili katika vyuo vyetu vishirikiane kutayarisha orodha fupi ya istilahi zilizokubaliwa, na wahariri wa michezo wahusishwe tangu mwanzo, kwani wao ndio watakaozisambaza. Vilabu navyo vitoe kila mkataba pamoja na tafsiri yake, na mchezaji apewe siku kadhaa za kuusoma kabla ya kuombwa saini.

Mwezi wa Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa pamoja mashindano ya CHAN, na nchi hizo hizo zilipewa mwaka wa 2023 uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Ni mataifa matatu yanayoshangilia kwa Kiswahili. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Katika sheria ya michezo asiyejua maana huhukumiwa kwayo vile vile, na aghalabu yeye ndiye maskini asiye na wakili. Kazi ya kumwambia maana mapema ni yetu sisi tunaoshika chaki, na haingojei bajeti ya wizara wala ruhusa ya Lausanne. Tunaweza kuianza muhula ujao.