Tusifukuze mbwa, tufukuze minyoo



Majuzi tuliona chini ya mkia wa mbwa wa sentineli vitu vyeupe kama mbegu za mchele, vinajongea. Wengine walisema: mumufukuze! Wengine walitaka kumunywesha petroli. Sisi tunakataa yote mbili.

Vile vyeupe ni vipande vya tegu, vimejaa mayai. Mtoto wa kiroboto anakula mayai yale. Akikomaa, mbwa ao paka anamumeza wakati anajiuma sababu ya kuwashwa. Mtoto wa mtu naye akimeza kiroboto, anapata tegu. Basi, kutoa dawa ya minyoo bila kuua viroboto ni kuteka maji kwa kitunga.

Dawa iko: prazikwanteli, ileile ya kichocho kwa watu. Lakini tusikate kidonge cha watu kwa kubahatisha. Kipimo kinafuata uzito, tuulize munganga wa nyama. Na dawa ya viroboto ya mbwa tusimupakae paka. Yenye permetrini inaweza kumuua.

Mbwa na paka wote wa nyumba watunzwe siku moja. Matambara yao ya kulalia yafuliwe, pahali pafagiliwe vizuri. Nasi tunawe mikono kwa sabuni.

Mbwa huyu analinda bweni letu usiku tukilala. Kumufukuza ni kupelekea jirani ugonjwa wetu. Kila darasa lichange kidogo kwa dawa yake. Sisi wa mwaka wa sita tutaanza.