MTEJA NI MFALME, MUUZAJI NAYE SI MTUMWA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa biashara haigombi. Nami nakubaliana nao, ila nina la kuongeza: haigombi, lakini pia haipigi magoti. Siku hizi kila mahali tunaimbiwa kuwa mteja ni mfalme. Msemo huu umerudiwa mno hata wanunuzi wengine, hasa wa mtandaoni, wamesahau kuwa mfalme akila jasho la mtu bila kulipa huitwa dhalimu. Katika makala haya namtetea muuzaji mdogo, yule anayepiga picha bidhaa yake kwa simu, akaiweka WhatsApp au Facebook, kisha akangoja riziki.

Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka wa 2007, kuuza bila duka kumekuwa rahisi humu nchini. Bodaboda hupeleka mzigo, matatu hubeba kifurushi hadi mji mwingine, na pesa huingia kwa simu. Mama yangu huuza viatu vya mitumba kwa njia hiyo. Yeye huvinunua Gikomba alfajiri na kuvisafisha. Mimi nikitoka shule jioni ndiye mpiga picha, na ndiye karani wa kujibu jumbe. (Walimu wangu msishtuke, simu hubaki nyumbani!) Kwa hivyo haya ninayoyasema sikuyasikia redioni.

Wanunuzi wasumbufu ni wa aina nyingi. Kuna yule asiyesoma. Bei imeandikwa chini ya picha, shilingi 1,200, naye anauliza, "Bei?" Ukimjibu anauliza, "Bei ya mwisho?" Ukimpunguzia ananyamaza kama maji mtungini. Huyu hana hatia kubwa, anatuchosha vidole tu.

Wa pili ni mwenye kuagiza kwa mchezo. "Lete tu, nitalipa kikifika." Muhula uliopita mmoja wa aina hii alituagizia kiatu. Mtu wa bodaboda akafunga safari, akafika, akapiga simu. Imezimwa! Akangoja nusu saa, akarudi nacho. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 300, ilhali faida ya kiatu chenyewe ingekuwa 250. Hebu piga hesabu, ewe msomaji. Kwa mnunuzi huyo yalikuwa mas-hara, lakini kwetu ilikuwa pesa yangu ya chakula cha mchana ya wiki nzima.

Wa tatu ni mvaaji wa bure. Huagiza Ijumaa, huvaa Jumamosi harusini, na Jumapili anarudisha ati kimembana. Ukitazama soli, matope mekundu! Wa nne ni mjanja wa pesa. Hutuma ujumbe bandia wa M-Pesa. Au hulipa kweli, kisha akishapokea mzigo anaomba pesa zirejeshwe akidai alikosea nambari. Huduma hiyo iliwekwa kumwokoa aliyekosea kwa dhati, si kumpa mtu viatu vya bure. Wa tano ni wa vitisho: "Usiponipunguzia nitakuanika kwa kikundi useme vizuri." Huyu ndiye mbaya kuliko wote, kwa maana muuzaji wa mtandaoni hana duka lingine isipokuwa jina lake.

Wapo watakaoniuliza, "Je, wauzaji nao ni malaika?" La hasha! Kuna wanaoonyesha picha ya kiatu kipya wakatuma kilichochanika. Kuna wanaopokea pesa wakatoweka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, kwa hivyo simlaumu mnunuzi anayeuliza maswali kumi kabla ya kulipa. Isitoshe, Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na habari za kumwezesha kuzitumia vyema. Nayo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inamtaka anayeuza kwa intaneti amweleze mnunuzi mambo muhimu kabla ya kukubaliana, na ampe nafasi ya kukubali, kukataa au kurekebisha makosa. Haki hizo ni zake na zisiguswe.

Lakini tutofautishe mnunuzi mkali na mnunuzi mkorofi. Mkali hudai alichoahidiwa, na huyo hutufundisha kazi. Mkorofi hudai ambacho hakuahidiwa, na gharama akutwike wewe.

Kwa maoni yangu, chanzo cha ukorofi huu ni kukosekana kwa haya. Sokoni mnunuzi hushika kiatu, hukipinda, hukijaribu, kisha mnavutana bei mkitazamana usoni. Haya zimo machoni, waama. Kwa simu hakuna macho. Mtu asiyethubutu kumtukana mama mwenye kibanda humtukana huyo huyo mama akiwa kitandani kwake. Tena sokoni nauli hulipa mnunuzi mwenyewe. Kwa simu, muuzaji asipojihadhari, nauli yote humwangukia yeye.

Basi tufanyeje? Kwanza, muuzaji awe wazi kuliko anavyoombwa. Nyumbani tulianza kupima viatu kwa rula na kuandika urefu wa ndani, mathalani sentimita 24, kwa maana nambari 38 ya kampuni moja si lazima ilingane na 38 ya nyingine. Palipokwaruzika tunapapiga picha. Malalamiko ya "kimenibana" yamepungua sana. Pili, nauli ilipwe kabla ya bodaboda kuwasha pikipiki. Anayetaka kiatu kweli hulipa, anayecheza hujitoa mwenyewe. Tatu, masharti ya kurudisha yaandikwe mapema: siku ngapi, na kiatu kiwe hakijavaliwa nje. Nne, usitoe mzigo kwa kusoma ujumbe peke yake, angalia salio lako kwanza. Tano, weka mazungumzo yote, usifute. Siku ya kuanikwa, maandishi hayo ndiyo shahidi wako.

La mwisho ni gumu zaidi: jibu kwa adabu hata unapotukanwa, lakini usirudi nyuma. "Samahani, hiyo ndiyo bei yetu. Karibu wakati mwingine." Sentensi hiyo inatosha. Na ikiwa kosa ni letu, turudishe pesa siku hiyo hiyo bila kunung'unika. Mwenye kutimiza wajibu wake ndiye mwenye kinywa cha kusema hapana. Kuna wateja ambao kuwapoteza ni faida.

Wanafunzi wenzangu, baadhi yenu mna kaka na dada wanaouza sare, keki au simu kwa njia hii, na sote ni wanunuzi. Kabla hujaandika "lete nitalipa" ukijua mfukoni hamna kitu, kumbuka kuwa upande wa pili wa simu kuna mtu aliyerauka alfajiri. Kama hununui, sema hununui. Hakuna atakayekukasirikia. Kalamu yangu naitua hapa.