Majanji inajenga, lakini choo kinakwenda wapi?

Tangu barabara ya lami ifike Majanji kutoka Musita kupitia Lumino, mabati mapya yanang'aa kila upande. Sisi tuliorudi tunajenga, wafanyabiashara wa omena na mitumba wanajenga nyumba za wageni, na kila mmoja anataka choo cha ndani cha kuvuta maji. Hilo si kosa. Swali ambalo sijamsikia diwani wala mgombea yeyote akiulizwa ni hili: yakishavutwa, maji hayo huenda wapi?

Nauliza nikiwa na hatia yangu. Wazazi wangu walivuka mpaka mwaka 1985 nikiwa mtoto, nikasomea Kenya hadi chuo cha ualimu. Bwenini tulizoea choo cha maji, lakini hakuna aliyetueleza tangi lililokuwa nyuma ya ukuta lilifanya kazi gani. Niliporudi kujenga, fundi aliniambia kwamba tangi lisilo na sakafu halijai kamwe, na simiti itakayookolewa itatosha plasta ya sebule. Nikafurahi, mwalimu mzima!

Kweli halikujaa, hadi Mei 2020. Mwezi huo Ziwa Victoria lilipanda na kuvuka rekodi ya mwaka 1964. Maji ya ardhini nayo yakapanda, tangi langu likajaa kutoka chini, choo kikaanza kurudisha. Jirani yangu, mama anayevusha omena kwenda Sio Port, akaja mlangoni na ndoo.

"Mwalimu, hebu nusa," akasema.

Kisima chake kilikuwa hatua 15 kutoka kwenye tangi langu.

Ndugu msomaji, tangi la choo si shimo, ni mtambo. Vizito huzama na kuwa tope, mafuta na povu huelea, na maji ya katikati hutoka kwa bomba kwenda kwenye shimo la mawe, ambako udongo huyachuja. Bakteria hula sehemu ya tope lakini hawalimalizi. Kwa hiyo ni lazima linyonywe, kwa kawaida kila baada ya miaka 3 hadi 5, au tope linapofika thuluthi moja ya kina. Ukichelewa, tope husukumwa hadi kwenye shimo la mawe, udongo ukaziba, na hapo huna budi kuchimba upya. Mafuta ya kukaangia, sodo na nepi huharakisha siku hiyo.

Sakafu na kuta zisivuje. Shimo la mawe likae angalau mita 30 kutoka kisimani, na chini yake pawe juu ya maji ya ardhini hata wakati wa mvua kubwa. Usilikaushe tangi lote ardhi ikiwa imejaa maji, kwani tangi tupu laweza kuinuliwa na kupasuka. Wala mtu asiingie ndani, hata kwa dakika moja. Hewa ya humo huua.

Sasa njoo kwenye serikali. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka ufuo wa ziwa hili. Hebu pima kwa miguu yako ukifika Majanji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitia saini itifaki ya bonde la ziwa mwaka 2003, na kamisheni yake iko Kisumu. Karatasi tunazo. Tusichokuwa nacho ni afisa anayekagua tangi kabla halijafunikwa, na anayeuliza lori la kunyonya litamwaga wapi. Mwulize dereva kabla hujamlipa. Akisita, ujue tope lako huenda likaishia Mto Sio au vinamasi vya Sio-Siteko, ambavyo tunagawana na Wakenya. Maji hayagongi muhuri pale Busia.

Gharama ya lori ni nzito kwa nyumba moja. Majirani watano wakiliita siku moja, mzigo hupungua.

Mwaka 2021 nilijenga tangi jipya upande wa juu wa kiwanja, lenye sakafu na vyumba viwili. Plasta ya sebule imeanza kubanduka, na haijafika zamu yake. Yule mama hajarudi kuteka kisimani kwake. Hutuma watoto na madumu kwenye tangi langu la maji ya mvua, nami sina uso wa kuwauliza wameteka mangapi.