Nukta moja imeninyima mbolea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe dukuduku langu juu ya kilimo hiki cha simu na kompyuta.

Mimi ni mkazi wa Kwa Mathias hapa Kibaha, na shamba langu la mpunga liko upande wa Ruvu. Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba sipingi maendeleo. Mpango wa mbolea ya ruzuku ulipozinduliwa mjini Mbeya mwezi Agosti, 2022, nilikuwa miongoni mwa waliowahi kujiandikisha. Mkulima huandikishwa kijijini, taarifa zake huingizwa katika mfumo, naye hupata namba kwa simu. Akienda kwa wakala, namba hiyo ndiyo inayosema anastahili mifuko mingapi kwa eka zake. Hapo mlanguzi na mkulima hewa hubanwa, na hilo ni jema kabisa.

Yaliyonipata ni haya. Shamba langu ni eka 3. Aliyeingiza taarifa zangu aliandika 0.3. Nukta moja tu, Ndugu Mhariri! Wakala akaniambia, "Mzee, mimi sina la kufanya, mfumo ndivyo unavyosema." Nikarudi nilikoandikishwa, nikaambiwa anayeweza kusahihisha hayupo. Nikaenda mara ya pili, mtandao haupatikani, njoo kesho. Nauli naijua mimi. Mpunga ulikwisha anza kugeuka manjano, ikabidi ninunue mbolea kwa bei ya dukani, kwa fedha niliyokopa kwa shemeji.

Zamani bwana shamba alikuja na daftari lake, ukachungulia anachoandika. Akikosea, alifuta kwa raba mbele yako. Leo daftari limo ndani ya mashine ambayo mwenye shamba haioni.

Tena si mimi peke yangu. Wapo akina mama wanaolima wenyewe, lakini jina na namba ya simu vilivyoandikwa ni vya mume. Ujumbe ukija, unaingia katika simu ya mtu ambaye pengine hajashika jembe msimu mzima. (Na mbolea ikishapatikana, nani anajua inauzwa wapi.)

Jambo hili litazidi kuwa kubwa, kwani mambo mengi yanahamia huko. Tangu msimu wa 2024 hata minada ya korosho, zao letu la Pwani, imefanyika kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania. Wenzetu wa Kisarawe wenye mikorosho bila shaka wananielewa.

Serikali yetu ilikwisha tunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zilizohifadhiwa na kudai zisahihishwe. Lakini haki hiyo mkulima ataidaia wapi, ikiwa kijijini hakuna hata karatasi ya kuonyesha aliandikwaje?

Nawaomba wahusika, kila kabla ya msimu, orodha ya majina na eka ichapwe na kubandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji kwa siku 14, namba za simu zisionyeshwe, na isomwe kwenye mkutano wa hadhara. Pia mtendaji wa kijiji apewe uwezo wa kupokea masahihisho na kumpa mkulima stakabadhi yenye tarehe. Mvua za vuli haziko mbali. Je, sisi wa Ruvu tutabandikiwa orodha yetu lini?

Mkulima,
Kwa Mathias, Kibaha.