Mshahara ukiuacha kwa bosi, umemkopesha

Ndugu zetu, kuna maneno tunayasikia sana hapa Qurum: "Pesa zako ziko kwangu, utazichukua zote siku ya kuondoka." Madam anamwambia dada wa nyumbani, msimamizi anamwambia fundi wa saiti. Wengi wetu tunakubali, tukidhani tunaweka akiba. Sisi tunasema hiyo si akiba. Ni mkopo umempa bosi, bila karatasi na bila dhamana. Korona ilituonyesha mkopo huo unavyoweza kupotea.

Machi 2020 maduka ya kwenye mall yalifungwa, yakabaki ya chakula na dawa. Tarehe 29 Machi ndege za kawaida za abiria zikasimama, hazikurudi mpaka 1 Oktoba. Muscat ikafungiwa kuanzia 10 Aprili hadi 29 Mei. Biashara zikayumba, na wengi wetu tukaambiwa: "Ni korona, hakuna hela."

Je, janga linafuta deni? Kwa sheria ya Oman, si hivi hivi tu. Sheria ya miamala ya kiraia, namba 29/2013, ina milango miwili. Kifungu cha 172 kinasema jambo lisilozuilika likifanya mkataba usitekelezeke kabisa, mkataba unakwisha. Kifungu cha 159 ni cha pale mkataba unapotekelezeka lakini umekuwa mzigo wa kumuumiza mdaiwa: mahakama inaweza kuupunguza. Mwenye duka lililofungwa anaweza kwenda kuomba hivyo kuhusu kodi yake. Lakini anayepunguza ni hakimu, au nyinyi wawili mkikubaliana. Bosi hawezi kujipunguzia peke yake. Na siku ambazo ulishapiga deki na kumwaga zege, kazi ishafanyika, deni lipo.

Hata Aprili 2020, serikali iliporuhusu kampuni kupunguza mishahara kwa kupunguza saa za kazi, ilisema wakubaliane na wafanyakazi. Na iliposema kampuni ziwaondoe wageni moja kwa moja, iliweka sharti: walipwe kwanza haki zao zote. Aliyejua maneno hayo mawili, "kukubaliana" na "kulipwa kwanza", alikuwa na la kusema.

Sasa tuje kwenye kufilisika. Sheria ya ufilisi, namba 53/2019, ilianza kutumika Julai 2020, katikati ya korona. Kampuni ikifilisiwa, wadai wanapanga foleni, na benki iliyoshika dhamana inaitegemea dhamana yake. Sheria ya kazi ya wakati huo, namba 35/2003, iliweka haki za mfanyakazi mbele ya madeni mengine. Ni jambo zuri, ila kutangulia kwenye foleni hakushibishi kama sufuria ni tupu, na pengine wewe ushapandishwa ndege kurudi nyumbani. Mwenye mshahara wa mwezi mmoja kwa bosi anapoteza mwezi mmoja. Mwenye miaka miwili anapoteza kiwanja.

Dada wa nyumbani, wewe sikiliza hapa. Sheria ile ya kazi haikuwahusu wafanyakazi wa ndani. Waliwekewa uamuzi wa wizara namba 189/2004, nao ulitaka mshahara ulipwe kila mwezi. Na sheria ya ufilisi ni ya wafanyabiashara. Duka la mume wa madam likifungwa, mshahara wako haujafutika.

Kwenye vyumba tunavyopanga pamoja ni hivyo hivyo. Jina lililo kwenye mkataba wa baladia ndilo linalodaiwa, hata kama mnalala sita. Mwenye nyumba akikubali kupunguza kodi, aandike, hata kwa WhatsApp. Maneno ya mdomo yanasahaulika shida ikiisha.

Wapo watakaosema: "Nikizishika zitaisha, nyumbani wataziomba zote." Ni kweli, hilo linatusumbua sote. Lakini dawa yake si kumpa bosi azilinde. Pokea zote, tuma kiasi mlichopanga, zinazobaki ziingie kwenye akaunti ya jina lako mwenyewe, si ya kaka wala ya shemeji.

Wengine wanaogopa kumuudhi madam. Si lazima kugombana. Mwambie kwa upole: "Mama, nyumbani wananitegemea kila mwezi, naomba nipate changu mwezi ukiisha." Kama tayari kuna miezi imelala, omba aandike ni mingapi na riali ngapi, aweke sahihi na tarehe. Piga picha, mtumie mtu unayemwamini nyumbani. Akikataa kuandika leo ambapo mambo ni mazuri, ushajua atasema nini siku mambo yakiharibika. Anza kudai taratibu sasa, wakati bosi bado ana cha kulipa.