Mpango wa muziki si mali ya Ulaya peke yake

Sisi wa korali ya wanafunzi tunaomba nafasi kidogo mu gazeti letu juu ya neno moja linalotugawanya tangu watu walipoanza kusema habari za sikukuu ya mwisho wa mwaka.

Kuko upande mmoja unaosema: "Muziki wa kweli ni ule wa Haydn na Mozart. Ile mingine ni kelele ya kijiji." Kuko upande wa pili unaojibu: "Haydn ni babu ya nani hapa Masisi? Mutuache na mambo ya Ulaya." Sisi tunaona pande zote mbili zinakosa neno lile lile. Zote zinafikiri kwamba mpango wa muziki, maana yake namna wimbo unavyojengwa, ni mali ya Ulaya. Upande wa kwanza unaitamani mali hiyo, upande wa pili unaikataa. Hakuna upande unaoangalia nyumbani.

Tuanze basi na Ulaya, kwa sababu haifai mtu kusifu wala kukataa kitu asichokijua. Wakati unaoitwa wa klasiki ulikuwa karibu toka 1750 mpaka 1820. Majina matatu makubwa ni Joseph Haydn (1732-1809), Wolfgang Amadeus Mozart (1756-1791) na Ludwig van Beethoven (1770-1827). Wote watatu walitumika mu mji wa Vienna. Kazi yao ilikuwa na mipango ambayo wasikilizaji waliizoea.

Mpango wa sonata uko hivi. Kwanza tunasikia mawazo mawili ya muziki: la kwanza liko ku do ya nyumbani, la pili linahamia ku do ingine. Halafu mawazo hayo yanavunjwa vipande, yanatembezwa mbali, yanapigana. Mwishoni yote mawili yanarudi, lakini mara hii yote yanakaa ku do ya nyumbani. Ni sawa na mtu aliyetoka Nyabiondo kwenda Goma: anaporudi, kijiji ni kile kile, lakini yeye amekwisha kuona mengi.

Mpango wa rondo ni rahisi zaidi: wimbo mmoja unarudi kila mara, na katikati kunaingia mingine. Anayejua kiitikio cha wimbo wa kanisa hatapotea. Mpango mwingine ni wimbo na mageuzo yake. Mozart alitwaa wimbo mdogo wa watoto wa Ufaransa, ule ule ambao watoto wengi wanaimbia ABC, akaugeuza mara 12 ku piano. Mara mkono wa kuume unakimbia, mara ule wa kushoto, mara wimbo unakuwa wa huzuni. Lakini kila mara unautambua, sawa vile unavyomtambua ndugu yako hata akibadilisha nguo.

Halafu kuko majina ya kazi nzima. Sinfonia ni ya orkesta, na mara nyingi iko na sehemu nne: ya mbio, ya polepole, ya kucheza, na ya mbio tena. Haydn peke yake aliandika zaidi ya 100. Kwarteti ni ya watu wane: violoni mbili, alto moja na shelo moja. Konserto ni chombo kimoja kinachozungumza na orkesta nzima, na kwa kawaida iko na sehemu tatu. Wenzetu wanaopenda kudharau ngoma waangalie vizuri ile sehemu ya kucheza mu sinfonia. Mara nyingi ni menueti, maana yake ngoma ambayo wakubwa wa Ulaya walicheza kwa miguu yao. Haydn hakuona haya kuweka ngoma katikati ya kazi yake kubwa.

Mtu atauliza: mpango unasaidia nini? Sikilizeni habari ya 1772. Haydn alitumikia mtawala mmoja tajiri wa ukoo wa Esterházy. Mwaka ule mtawala alikaa mu nyumba yake ya mashambani kupita wakati wa kawaida, na wanamuziki walikuwa mbali na wake zao na watoto wao. Nani angethubutu kumwambia? Haydn akaandika sinfonia. Kila mtu alijua kwamba mwisho wa sinfonia ni wa mbio na nguvu. Lakini huu ulianza kwa mbio, halafu ukageuka polepole. Mwanamuziki mmoja akamaliza sehemu yake, akazima mshumaa wake, akatoka. Akatoka mwingine, na mwingine, mpaka zikabaki violoni mbili. Mtawala akaelewa, akawaruhusu kurudi kwao. Sisi tunaolala ku interna tunamwelewa Haydn sana! Lakini angalieni: ombi lile lilisikika kwa sababu wote walijua mpango wa kawaida. Asiyejua mpango hawezi kuona pale umevunjwa, wala kuuliza juu ya nini.

Tena, asiseme mtu kwamba muziki ule ulikuwa wa watu weupe tu. Joseph Bologne, aliyeitwa Chevalier de Saint-Georges, alizaliwa 1745 ku kisiwa cha Guadeloupe. Mama yake alikuwa mtumwa wa asili ya Afrika. Alikuwa fundi wa violoni mu Paris, aliandika konserto na kwarteti, na aliongoza orkesta ile iliyomwomba Haydn sinfonia sita zinazoitwa za Paris, za 1785 na 1786.

Na hapa Kongo yetu? Mu 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha orkesta ya sinfonia ya Wakimbangu kule Kinshasa. Violoni zilikuwa chache kuliko watu, wakapokezana. Kamba zilipokatika, walitumia nyaya za freni ya kinga, ndiyo, za baisikeli. Mu 2010 sinema juu yao ilionyesha ulimwengu wakifanya mazoezi ya Sinfonia ya Tisa ya Beethoven. Basi wale wanaosema "sisi hatuna vyombo" watafute sababu ingine.

Sasa turudi kwetu. Mu Walikale, Wanyanga wako na kazi kubwa inayoitwa karisi. Ni habari ya shujaa Mwindo, inayosimuliwa, inayoimbwa na inayochezwa na mtu mmoja. Anashika kibuyu cha kutikisa mkononi, anavaa kengele ndogo miguuni, na vijana wanapiga mti mkavu kwa vijiti. Anasimulia kipande, anasimama, anaimba, na watu waliokaa wanamwitikia. Halafu habari inaendelea. Mu 1956 mzee Rureke aliifanya mbele ya Mbelgiji Daniel Biebuyck muda wa siku 12. Biebuyck alisaidiana na Kahombo Mateene, ambaye ni Mnyanga, na kitabu kikatoka Marekani mu 1969. Leo kinasomwa ku université za mbali. Ku benchi zetu, ni wangapi wanaokijua?

Tunauliza: mtu anawezaje kushika habari ya siku 12 kichwani bila mpango? Haiwezekani. Iko njia: habari, wimbo, kuitikiwa, habari tena. Nyimbo ni nguzo za nyumba. Mwimbaji akitaka kurefusha anarefusha, akiona watu wamechoka anafupisha, na nyumba haianguki. Hiyo ndiyo maana ya mpango.

Hatusemi karisi ni sonata. Huo ungekuwa uongo, na ungekuwa kumvika mzee wetu kanzu ya mtu mwingine ili aheshimiwe. Nguvu ya sonata iko mu kuhama na kurudi kwa do. Nguvu ya karisi iko mu maneno, mu mwili wa mwimbaji na mu majibu ya watu. Sonata iliandikwa ku karatasi ili mtu wa mbali aipige sawasawa. Karisi inakaa mu watu, na kila mwimbaji anaitoa kwa namna yake. Ni njia mbili tofauti, lakini zote mbili zinaomba akili, mazoezi na kumbukumbu. Ndiyo maana neno "kelele" halifai kwa yoyote kati ya hizo mbili.

Neno hili si mchezo wa maneno tu. Mazoezi ya karisi yako ku wale vijana wanaopiga mti: kijana anakaa karibu na mzee, anapiga, anaitikia, na kidogo kidogo yanamwingia. Sasa, tangu vita vya 1993 vilivyoanzia upande wa Ntoto, watu wa Walikale na Masisi wamekimbia mara ngapi? Mzee yuko ku kambi, kijana yuko ku mji ao ku machimbo, na ule mti mkavu hakuna wa kuupiga. Sonata ya Mozart ikikosa mpigaji miaka 50, karatasi inaingoja. Lakini wimbo wa mzee ukikosa kijana, unazikwa naye. Basi sisi tuliosoma kuandika, tusipouandika, nani atauandika?

Wengine wanaogopa kwamba tunataka kuingiza mambo ya mizimu mu kanisa. Hapana. Ibada iko na nyimbo zake na hatuzigusi. Sisi tunasema juu ya darasa na sikukuu. Tena tunajua kwamba kuko nyimbo zisizo za kila mtu, na wazee wenyewe watatuambia zipi. Kuuliza kwa heshima si dhambi.

Basi tunaomba mambo matatu.

La kwanza, mu saa ya muziki, kila mpango ufundishwe kwa mifano miwili: mmoja wa kitabu, mmoja wa kwetu. Tukisoma rondo, mtu mmoja alete wimbo wa kwao wenye kiitikio kinachorudi, tuupime pamoja: unafanana wapi, unaachana wapi?

La pili, wakati wa likizo kila mwanafunzi aende na kaye moja. Aombe ruhusa kwa mzee, halafu aandike: nani anaanza, nani anaitikia, wimbo unarudi wapi, mikono inapiga namna gani, na unaimbwa saa gani, ya kulima, ya kulaza mtoto ao ya kilio. Hapa shuleni tuko Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi, Watembo na wengine. Mara nyingi tunajuana kwa majina ya kabila tu. Mtu aliyekaa saa moja akisikiliza namna wimbo wa mwenzake unavyojengwa, kesho itakuwa vigumu amwite mjinga.

La tatu, ku sikukuu, korali iimbe wimbo mmoja wa kulima unaojulikana hapa, pamoja na mageuzo matano. Kwanza sauti moja peke yake. Halafu sauti nne. Halafu kwa mbio, pamoja na ngoma. Halafu polepole na kwa huzuni, wimbo ukikaa ku la badala ya do. Halafu sauti za chini zikishika wimbo, zile za juu zikijibu. Mwishoni ukumbi wote uitikie. Mpango huo tumeutwaa kwa Mozart na hatuoni haya. Wimbo wenyewe ni wa mama zetu, na hapo pia hatuoni haya.

Tunajua saa ni chache na egzame ziko karibu, na walimu wetu wamechoka. Lakini kaye moja haina bei kubwa, na mifano ya kwetu haiombwi Ulaya wala Kinshasa. Anayeona kwamba tumesema vibaya, atuandikie mu gazeti lijalo, tutasoma. Na anayekubali, asingoje: Jumamosi hii alete wimbo mmoja ku mazoezi ya korali.

Sisi wa korali ya wanafunzi