Butembo: Majani marefu ya urembo yanapendeza, lakini je, yatashika udongo wetu?

Kuanzia upande wa Rughenda, karibu na kiwanja cha ndege, mpaka katikati ya mji wa Butembo, anayemaliza kujenga nyumba na kuizungushia ukuta anatafuta pia kitu cha kupanda mbele ya mlango mkubwa. Zamani ilikuwa maua ya rozi, miti ya sipre ao majani mafupi ya kukanyaga. Siku hizi picha za kitu kingine zinazunguka kwenye simu: majani marefu ya urembo, ya rangi ya zambarau, yanayofikia urefu wa mtu na kucheza na upepo. Wauzaji wa ng'ambo wanayaita aina mpya.

Kupamba nyumba si kosa. Mji mzuri ni heshima ya wakaaji wake. Lakini Butembo ni mji wa milima, wenye mvua nyingi na makorongo yanayokula viwanja. Hapa kwetu, jani refu linaweza kulinda nyumba ya jirani ao kuiacha iende na maji. Basi, kabla mtu hajatoa dola zake, ni vizuri ajue ananunua kitu gani.

Aina mpya, ukoo wa zamani

Wakulima wa Kivu wanaujua mmea huu vizuri sana. Wengine wanauita matete, wengine bingobingo, wengine majani ya tembo. Kwa muda mrefu wataalamu wa mimea waliuita Pennisetum purpureum, na leo wengi wao wanauandika Cenchrus purpureus. Asili yake ni hapa Afrika ya joto. Jina la Napier, ambalo Wakenya na Waganda wanalitumia kila siku, limetoka kwa kanali mmoja wa Bulawayo, katika Zimbabwe ya leo, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliwahimiza wakubwa wa kilimo waujaribu kama chakula cha ng'ombe.

Kutoka Afrika, mmea ulisambaa katika nchi nyingi za joto. Katika mji wa Tifton, jimbo la Georgia, Marekani, mtafiti Wayne Hanna alitumia miaka mingi kuchagua na kuchanganya majani ya ukoo huu. Kati ya aina za bustani zilizotoka Tifton kuna Prince, refu na lenye majani ya zambarau, na Princess, ambalo ni fupi zaidi. Kuna pia Tift 8, ambalo madukani linauzwa kwa jina la Vertigo.

Ni kusema, kitu kinachouzwa kama ajabu ya ng'ambo ni mjukuu wa matete yetu. Kilichobadilika ni rangi, umbo na bei. Kimebadilika pia kitu cha nne: mwenyewe. Nchini Marekani aina kama Tift 8 inalindwa kwa patenti, na huko mtu hana ruhusa ya kukata mashina yake, kuyapanda na kuyauza bila kibali. Patenti ya Marekani haivuki mpaka yenyewe ikafika Kivu. Lakini inafaa tufikiri: mmea ambao bibi alikata bure kando ya shamba, akampa jirani fungu bila kuuliza kitu, mjukuu wake wa rangi anakuja na mwenyewe.

Kwa nini mengine hayatoi mbegu

Hapa kuna jambo la sayansi ambalo kila mpandaji angepaswa kulijua. Aina kama Vertigo zinatokana na kuchanganya matete na uwele, ile nafaka ya nchi kavu. Ndani ya chembe zake, matete yana kromosomu 28, uwele una 14. Mtoto wao anapata nusu kwa kila mzazi: 14 na 7, jumla 21. Hesabu hiyo haigawanyiki sawasawa wakati mmea unataka kutengeneza mbegu, kwa hiyo mtoto anakuwa tasa, sawa na nyumbu aliyezaliwa na punda na farasi.

Utasa huo ni faida kubwa. Jani lisilo na mbegu linakaa pale ulipolipanda, mpaka mtu mwenyewe akate shina na kulipeleka kwingine. Jani lenye mbegu nyepesi za kuruka na upepo haliheshimu ukuta wa mtu.

Mfano uko wazi. Pennisetum setaceum, ndugu mdogo wa matete mwenye mikia laini kama manyoya, alitolewa Afrika na nchi za Waarabu akapelekwa kwenye bustani za dunia nzima kwa sababu ya uzuri wake. Katika visiwa vya Hawaii alitoka bustanini akafunika miamba na mashamba makavu, na leo anahesabiwa kati ya majani yanayolisha moto. Umoja wa Ulaya ulimweka mwaka 2017 kwenye orodha ya mimea vamizi, ile ambayo ni marufuku kuuza na kupanda. Na mwezi wa 8 mwaka 2023, moto ulipoteketeza mji wa Lahaina, Hawaii, na kuua watu karibu 100, wataalamu walionyesha kidole majani marefu yenye asili ya Afrika, yaliyokauka kwenye mashamba ya zamani ya miwa yaliyoachwa bila mtu.

Butembo ina mvua kuliko maeneo yale makavu. Hata hivyo somo linabaki: jani la urembo linahitaji mtu wa kulitunza. Mwenyewe akihama, ao akikimbia vita, jani linabaki na kufanya linavyotaka.

Maji ya mtu wa juu, shida ya mtu wa chini

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Butembo iko kwenye mita zaidi ya 1,700 juu ya bahari, na nyumba zinapanda milima pande zote za mto Kimemi. Kila bati jipya linakusanya maji ambayo zamani yalikuwa yanaingia udongoni. Mtu wa juu akikosa mtaro na kisima cha kupokea maji, maji yanashuka kwa mtu wa chini. Mwaka wa kwanza ni mfereji mdogo. Mwaka wa tatu ni korongo. Na mara nyingi mtu wa chini ndiye maskini: mpangaji, mjane, familia iliyokimbia vita vya Beni ao Lubero na kupata chumba mahali ambapo wengine walikataa kujenga.

Katika hali hiyo, fungu moja la majani ya zambarau mbele ya mlango ni pambo, halizuii kitu. Kinachozuia ni mstari: majani yaliyopandwa karibu karibu, kukata mteremko kwa upana, siyo kushuka nao. Mstari unapunguza mwendo wa maji, udongo unanaswa juu yake, na baada ya misimu michache ngazi inajitengeneza yenyewe.

Wazee wetu wanajua habari hii, lakini kwa uchungu. Wakati wa Wabelgiji, watu wa milima ya Kivu walilazimishwa kuchimba matuta na kupanda mistari ya majani. Tanganyika pia, mwaka 1955, watu wa milima ya Uluguru waliandamana kupinga matuta ya lazima. Udongo ulihitaji kulindwa, hiyo ni kweli. Ila kazi ya fimbo haidumu: fimbo ikiondoka, jembe linalala. Mstari unaodumu ni ule ambao mwenyewe anaona faida yake.

Na faida ya matete ni chakula cha mifugo. Katika mji ambapo familia nyingi zinafuga mbuzi, sungura na kobayi nyuma ya nyumba, mstari wa matete ni stoo ya majani mabichi. Kwa sababu hiyo Kenya na Uganda zimeingiza aina nyingine mpya, kama Pakchong 1 kutoka Thailand, inayouzwa kwa jina la Super Napier. Rwanda nayo ilipokea kutoka China majani makubwa ya Juncao, yanayotumika kwa uyoga, kwa mifugo na kwa kushika udongo. Majirani zetu wanauliza jani linafanya kazi gani kabla ya kuuliza lina rangi gani.

Matete yana kasoro yake pia. Yanakula mbolea nyingi na kunyima nguvu mahindi ao maharagwe yaliyo karibu nayo. Kwenye ukingo mkali wa korongo, vetiva inashinda: mizizi yake inashuka wima mita 3 hivi, na aina inayopandwa sana duniani haitoi mbegu za kusambaa. Mbuzi hawapendi sana vetiva ikizeeka, na hiyo inaisaidia kubaki hai.

Ugonjwa unasafiri ndani ya shina

Matete hupandwa kwa vipande vya mashina. Ni rahisi: fungu kwenye pikipiki, unavuka Kasindi, jioni umefika Butembo. Lakini ndani ya kipande kinachoonekana kizuri unaweza kukaa ugonjwa wa udumavu. Uligunduliwa upande wa Bungoma, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, na umesumbua wafugaji wa Kenya na Uganda. Majani yanakuwa madogo, yanageuka manjano, shina linafupika, mwishowe fungu zima linakufa. Mdudu mdogo anayeruka ndiye anautoa mmea mmoja kwenda mwingine, na binadamu anausafirisha mbali kwa kupeana mashina.

Sisi wa Kivu ya Kaskazini hatuhitaji kuhubiriwa juu ya hilo. Mnyauko wa migomba, ulioonekana Masisi mwaka 2001, umetuonyesha kisu kimoja na mche mmoja vinaweza kufanya nini. Anayeleta mmea kutoka nje anapaswa kupitia huduma ya karantini ya wanyama na mimea, SQAV. Wengine wataona ni kupoteza wakati na franga. Lakini gharama ya ugonjwa hailipwi na muuza maua. Inalipwa na mama mwenye mbuzi watatu.

Mahali pa kupanda, na mahali pa kuacha

Kuna sehemu mbili ambapo majani marefu hayafai, hata yawe mazuri namna gani. Ya kwanza ni karibu na njia ya ndege. Kiwanja cha Rughenda kimezungukwa na watu. Majani marefu yanaficha mbuzi na kuvuta ndege wa angani, na rubani anahitaji uwanja wazi. Ya pili ni kando ya barabara na vijia ambapo watu wanaogopa kuviziwa. Katika eneo letu, kichaka kirefu mahali kama hapo si jambo la bustani, ni jambo la usalama.

Kwingine, urembo na kazi vinaweza kukaa pamoja. Mwenye kiwanja kwenye mteremko aanze na mtaro na kisima cha maji ya bati. Kisha apande mstari mmoja kwa upana wa mteremko: vipande vyenye vifundo vitatu, viwili ndani ya udongo, kimoja juu, vikiinama kidogo. Achukue mashina kwa jirani ambaye mafungu yake ni ya kijani na yenye nguvu, asiguse yenye manjano. Yakifika kiunoni, akate na kuacha kisiki kifupi, mifugo ile. Anayependa rangi ya zambarau anaweza kuiweka kwenye ncha ya mstari huo, akihakikisha kwanza ni aina isiyotoa mbegu na imeingia kwa njia halali.

Komini na viongozi wa kartie nao wana kazi yao. Mstari wa mtu mmoja hausimamishi korongo la viwanja ishirini. Salongo moja ya kupanda majani kwenye kichwa cha korongo, kabla ya mvua kubwa, inaweza kuokoa nyumba. Na kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kiko hapa hapa mjini: tukiulize ni aina gani inafaa mlima gani, badala ya kumuuliza muuzaji anayetaka tu kumaliza vyungu vyake.

Jani zuri mlangoni linamfurahisha mwenye nyumba na mgeni wake. Mstari wa majani mlimani unamwezesha jirani wa chini kulala usiku wa mvua. Mwenye nafasi ya kupanda vyote viwili, apande. Mwenye nafasi ya kimoja tu, aanze na ule wa mlimani.